Kupungua uzito ni hesabu ya kalori tu, au kuna kitu nisichokiona?

Mpiga Kasia: Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kabla sijaitupa mizani dirishani. Naandika kila ninachokula kwenye programu ya simu, inaniambia ni kalori 1,500 kwa siku. Mwanzo kilo zilishuka vizuri, sasa zimegoma kabisa. Kuna jamaa yangu wimbo wake ni mmoja tu: "Kula kidogo, tembea sana, mengine visingizio." Kweli ni rahisi hivyo? Mbona kwangu hesabu haitoki?

Kobe: Jamaa yako kasema kweli. Hakuna mwili unaotengeneza mafuta kwa hewa. Unakula zaidi ya unavyodhani, basi.

Zamu ya Usiku: Kobe, hiyo ni nusu ya jibu. Hesabu ni ya kweli, ila tarakimu zenyewe ni za kukadiria. Tunasema gramu ya wanga au protini ina kalori 4, mafuta 9. Huo ni wastani, na asili yake ni kazi ya mwanasayansi Mmarekani Atwater, karne ya 19. Lozi zilipopimwa kwa watu waliozila, gramu 28 ziliwapa kalori 129 hivi, si zile 170 za kwenye lebo. Sehemu ya mafuta yake haimeng'enywi, inaishia chooni.

Halafu mwili uliopungua unatumia nishati kidogo kuliko ulipokuwa mzito. Mkuu, 1,500 zilizokupunguza mwanzo huenda sasa zinakutosha kabisa kubaki hapo ulipo.

Mama Pacha: Mafuta ya kupikia unapima au unamimina? Kijiko kimoja cha chakula ni kalori kama 120. Mimi ndiye mpishi nyumbani: naonja mchuzi, namalizia alichobakiza mtoto, nalamba mwiko. Hayo nani anayaandika kwenye simu?

Mpiga Kasia: Dah, mafuta namimina kwa macho. Lakini wakuu, tatizo langu kubwa ni njaa. Kuna siku hizo 1,500 zinanishikilia hadi usiku, kuna siku saa kumi jioni nishaanza kufungua makabati.

Zamu ya Usiku: Siku za makabati ulikula nini? Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake kule Marekani walichapisha utafiti: waliweka watu 20 kwenye kituo cha utafiti, wiki mbili vyakula vilivyosindikwa sana, wiki mbili visivyosindikwa. Kalori zilizoandaliwa zilikuwa sawa, kila mtu ale atakavyo. Kwenye vilivyosindikwa walikula kama kalori 500 zaidi kwa siku. Kwa hiyo aina ya chakula ndiyo inayoamua kama hiyo hesabu utaiweza. Ongeza protini na mboga, uone.

Mama Pacha: Na usijipime leo na kesho ukakata tamaa. Ukila chumvi nyingi mwili unashika maji, mizani inapanda bila mafuta kuongezeka. Sisi wanawake na mwezi nao una yake. Chukua wastani wa wiki, pima na kiuno. Kama una dawa unazotumia muulize daktari, zipo zinazoongeza uzito.

Kobe: Kwa hiyo mafuta alikuwa hapimi. Si nilisema?

Mama Pacha: Ulisema, baba. Ila ulisahau kumwambia aangalie wapi.