EPROM ya zamani chini ya hadubini: eneo la kumbukumbu linakataa kuungana

fundi_kondele (Kisumu)

Wadau, habari zenu. Mimi ni fundi wa simu hapa Kondele, ila leo swali langu si la simu. Kuna jamaa ananunua skrepu upande wa Kibuye, na akipata bodi za kompyuta kuukuu huniletea kabla hazijavunjwa. Safari hii kaniletea bodi yenye 2716 ya Intel, ile EPROM (chipu ya kumbukumbu inayofutika kwa mwanga na kuandikwa upya) ya kauri yenye kidirisha cha kioo mgongoni. Nikabandua stika iliyoziba kidirisha, nikaiona silikoni yenyewe imelala pale na nyuzi zake pembeni. Tangu hapo sijatulia. Nataka picha moja kubwa ya chipu nzima niitundike karakanani, vijana ninaowafunza waone kilichomo ndani ya vitu hivi tunavyovitoa na kuvirudisha kila siku.

Hadubini yangu ya kazi, ya macho mawili na tundu la kamera, inaionyesha chipu nzima lakini transista haifiki. Rafiki yangu amenikubalia kutumia hadubini ya kukagulia vyuma, ambayo taa yake inapita ndani ya lenzi. Napiga kwa lenzi ya 10x, kipande baada ya kipande, kisha naunga kwa Hugin, programu ya kuunga picha. Kingo za chipu zinashikana safi. Katikati, kwenye kumbukumbu, ndipo balaa: vipande vinalaliana, safu zinamezwa, na sehemu ile inatoka fupi kuliko kingo zake. Halafu kila kipande kina giza kwenye pembe, kwa hiyo picha nzima ina miraba miraba.

Nifanyeje? Na je, nikipata picha safi, naweza kusoma programu iliyoandikwa humo?

maabara_njoro

Fundi, hongera kwa kuiokoa chipu hiyo. Umeanza na chipu inayofunguka kirahisi kuliko zote, maana ya plastiki ungelazimika kuitoa kwa asidi kali au kuichemsha kwenye kolofonia (ulimbo wa kusolda), na moshi wake si wa kuchezea. Lakini kwa kuunga picha umeanza na ngumu.

2716 ina seli 16,384, kila moja ya kushika biti moja, na zote zimetoka kwenye mchoro mmoja. Programu ya kuunga hutafuta alama zinazofanana kati ya picha mbili. Kwenye kingo kuna nyuzi, pedi na saketi za kuchagua anwani, kila kitu na sura yake. Katikati ni kama umepewa picha za karibu za paa la mabati uambiwe uzipange: mgongo huu au ule? Programu inachagua mojawapo, inaona zinalingana kabisa, inaendelea. Ukikosea safu kumi, macho ya programu hayaoni kosa. Kwa hiyo usiiulize kitu isichoweza kujua. Iambie wewe kila kipande kiko wapi.

Hapo ile hadubini yako ya kazi ndiyo itakuokoa. Piga nayo picha moja ya chipu nzima. Hiyo ndiyo ramani. Ikuze mpaka ilingane kwa kipimo na vipande vya 10x, uiweke chini kabisa kwenye GIMP (programu ya kuhariri picha), halafu weka vipande juu yake. Itakuwa na ukungu, haidhuru. Kazi yake ni kukuzuia usiruke safu, na ukikamilisha unaifuta. (Kama hadubini hiyo ina taa ya duara tu, silikoni itatoka nyeusi, kwa sababu inaurusha mwanga kama kioo cha kujitazamia, ukapita pembeni ya lenzi. Weka kipande cha kioo chembamba kwa digrii 45 kati ya lenzi na chipu, umulike kioo kutoka ubavuni. Una nafasi ya kutosha chini ya lenzi ile.)

Pili, piga kwa gridi. Zungusha chipu mpaka ukingo wake uwe sambamba na ukingo wa fremu, kisha sogeza jukwaa kwa hatua zilezile. Skrubu za jukwaa huwa na ulegevu, kwa hiyo fikia kila nafasi ukitokea upande uleule. Ukipitiliza, rudi nyuma zaidi ya ulipotaka, uje tena. Acha thuluthi moja ya picha ilaliane na jirani yake. Upate picha ya ukubwa wa kazi kwa mfano wa chipu nyingine: prosesa ya 6502 ya mwaka 1975 ilikuwa na upana wa milimita 3.9 kwa 4.3. Fremu yako ikiona milimita 0.9 kwa 0.6, unasogea 0.6 kwa 0.4, na chipu nzima inakula safu 11 za picha 6. Picha 66 ni mchana mmoja ukiwa na subira.

Vipande vya gridi namna hiyo mimi huvipeleka Fiji, programu ya picha za hadubini, badala ya Hugin. Unaiambia safu ngapi, picha ngapi kwa safu, zimelaliana asilimia ngapi. Inaanza na nafasi unazoitajia na kutupa ulinganisho unaokwenda mbali nazo. Ukipenda kubaki Hugin, futa alama zote zilizoangukia ndani ya kumbukumbu, uweke zako kwa mkono, na uiruhusu irekebishe kusogea kushoto-kulia, juu-chini na mzunguko tu. Usiiachie ipinde lenzi.

Giza la pembeni: funga mwangaza, kasi ya shata na rangi nyeupe kabla ya picha ya kwanza, usiguse tena. Kisha elekeza kwenye sehemu tupu inayong'aa, vuruga fokasi kidogo, upige. Kila kipande ukigawanye kihesabu, pikseli kwa pikseli, kwa picha hiyo. Hii haiondoi giza tu. Vumbi lililokaa kwenye kamera hutokea mahali palepale katika kila picha, na programu ikilishika vumbi hilo huamini kwamba hukusogea kabisa, ikaweka vipande viwili juu ya kimoja. Nina shaka kulaliana kwako kwingine kunatokana na hilo.

mwanafunzi_kakamega

Niongezee kwenye swali la pili. Kaka, programu hutaiona hata kwa hadubini gani ya mwanga. Kwenye EPROM biti ni chaji ya umeme iliyofungiwa kwenye geti iliyozungukwa na kihami, na seli yenye 0 ina sura ileile ya seli yenye 1. Zinazosomeka kwa macho ni baadhi ya ROM (chipu za kusomwa tu) ambazo kiwanda kiliandika biti kwenye mchoro wenyewe: transista ipo au haipo. Hapo watu husoma kutoka kwenye picha.

Lakini tafadhali, hiyo stika uliyobandua irudishe leo! Chaji hufutwa na urujuanimno. Karatasi za Intel zinasema taa za ofisini zingechukua kama miaka 3, ila jua la moja kwa moja ni kama wiki moja tu, na jua la Kisumu tunalijua. 2716 husomwa kwa volti 5, inatosha Arduino (bodi ndogo ya kuprogramu) na waya. Inakili kwanza, picha baadaye. Inawezekana nakala ya programu hiyo haipo kwingine.

fundi_kondele

Asanteni sana. Stika nimeirudisha sasa hivi, na kunakili kunatangulia. Dada wa Njoro, picha ikishaungana nitachapisha A0. Nipige kwa 20x ili iwe kali zaidi?

maabara_njoro

Hapana, 10x inatosha. A0 ina upana wa sentimita 84.1, kwa nukta 150 kila inchi unahitaji pikseli kama 5,000 kwa upana, na utakuwa nazo zaidi ya hizo. 20x itakuongezea vipande mara nne, na fokasi yake ni nyembamba, kwa hiyo chipu ikiinama kidogo upande mmoja unatoka na ukungu. Kwa 10x pia iweke juu ya plastisini uisawazishe mpaka pembe zote nne ziwe kali bila kugusa fokasi. Hifadhi kazi kama TIFF, wa kuchapisha mpe nakala. Na vipande vyote ulivyopiga, usivifute.