Raba za marathon ya kwanza: nichukue za kaboni au nitafute za kawaida?

kucha_nyeusi ameandika:

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kabla sijamwaga hela. Nimejiandikisha marathon kamili kwa mara ya kwanza, zimebaki wiki 9. Nusu marathon nimeshakimbia mbili, ya mwisho nilimaliza kwa 2:06, kwa hiyo hii nalenga masaa manne na nusu, nikipata chini ya hapo nitafunga na kushukuru. Raba ninazotumia ni za kawaida tu za mazoezi, zimeshakula kama kilomita 700, upande wa nje wa kisigino soli imelika mpaka sponji nyeupe inachungulia.

Sasa kwenye group letu la kukimbia karibu kila mtu ana zile nene zenye pleti ya kaboni ndani, yaani kibamba kigumu ndani ya soli, kuna jamaa anaapa zilimpunguzia dakika 9 kwenye muda wake bila kuongeza zoezi hata moja, na mimi nimeshaingiwa na tamaa. Ila bei yake ni karibu mara mbili ya raba za kawaida, halafu kucha ya kidole gumba cha mguu wa kulia imekuwa nyeusi tangu ile nusu ya pili. Navaa namba 42 viatu vyote tangu namaliza shule. Je, za kaboni zinamfaa mtu wa spidi yangu? Na namba nichukue ile ile? Matusi pelekeni uzi mwingine, natanguliza shukrani.

---

soli_imelika amejibu:

Mkuu umeuliza kaboni lakini jibu umeliandika mwenyewe hapo chini, hiyo kucha. Inakuwa nyeusi kwa sababu kidole kinagonga mbele kila hatua, na kwa muda unaoutaka wewe marathon ni zaidi ya hatua 40,000, nusu yake mguu huo huo wa kulia. Na mguu unavimba ukikimbia muda mrefu, kwa hiyo kiatu kilichokutosha sebuleni kilomita ya 30 sio kile tena.

Fanya hivi leo jioni, sio asubuhi, jioni mguu umeshatanuka. Vaa soksi zako za kukimbilia, weka karatasi chini iguse ukuta, simama kisigino kikigusa ukuta na uzito wote uuweke kwenye mguu huo, halafu mtu mwingine achore alama mbele ya kidole kirefu. Nasema kidole kirefu sio lazima gumba, wengine cha pili ndo kimetangulia. Usijipimie mwenyewe maana ukiinama uzito unahama na kipimo kinadanganya. Pima miguu yote miwili, mara nyingi hailingani, na kiatu unanunua cha mguu mkubwa.

Ukienda dukani toa ile soli ya ndani, iweke chini uikanyage. Mbele ya kidole ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, na pembeni mguu usimwagike nje ya soli. Ukimwagika achana nacho hata kama rangi imekuua.

Na hiyo 42 isahau. 42 ya kampuni moja ni 43 ya nyingine. Kwenye ulimi wa kiatu huwa kuna kikaratasi, angalia palipoandikwa CM, hapo ndo pana unafuu kidogo wa kulinganisha.

---

lami_na_jasho amejibu:

Sawa namba ni muhimu ila tusimkatishe tamaa mwenzetu, naona humu kuna watu wanaziponda raba za kaboni na hawajawahi hata kuziingiza mguu. Hizi vitu zinafanya kazi. Zilipotoka zile za kwanza 2017 zilipimwa maabara kwa wakimbiaji 18 na wastani walitumia nguvu pungufu kwa asilimia 4 ukilinganisha na raba za mashindano za wakati ule. Angalia kilichofuata, tarehe 12 Oktoba 2019 Kipchoge kule Vienna anakimbia 1:59:40, kesho yake tu Brigid Kosgei anakimbia Chicago 2:14:04 anavunja rekodi ya dunia ya wanawake ya Paula Radcliffe iliyokuwa imekaa tangu 2003. Hali ikawa tete mpaka World Athletics, wale wasimamizi wa riadha duniani, wakaweka sheria 2020, soli ya mbio za barabarani isizidi milimita 40 na pleti iwe moja tu. Na sheria sio mapambo, 2021 Vienna aliyemaliza wa kwanza alinyang'anywa ushindi baada ya kukutwa soli zake zina sentimita 5.

Kitu wengi hawajui ni kwamba pleti peke yake sio spring kama watu wanavyodhani. Kazi kubwa inafanywa na ile sponji, ni laini lakini ukiibonyeza inarudi na karibu nguvu yote uliyoipa, na ni nyepesi sana. Pleti kazi yake ni kuikaza kiatu kisijikunje ovyo kwenye vidole. Ndo maana kiatu kinene namna ile unakishika mkononi hakina uzito, na uzito nao una hesabu yake, gramu 100 za ziada kila mguu zinakula kama asilimia 1 ya nguvu.

Kwa hiyo mkuu kama hela ipo chukua. Marathon ya kwanza ni moja tu maishani.

---

pekupeku amejibu:

Mnapoteza muda, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathon ya Olimpiki ya Roma 1960 miguu mitupu 2:15:16. Kata kucha, vua viatu, twende 😂😂

---

mama_vigimbi amejibu:

@lami_na_jasho yote uliyosema ni kweli lakini hao uliowataja wanakimbia kilomita kwa dakika tatu hivi. Muulizaji akimaliza masaa manne na nusu ni dakika 6 na sekunde 24 kwa kilomita. Asilimia 4 ni wastani wa wakimbiaji wenye kasi, ukishuka kwenye spidi zetu faida inapungua. Halafu asilimia 4 ya nguvu haimaanishi asilimia 4 ya muda, watu wanachanganya hapo kila siku.

Nikusimulie yangu. Nilinunua za kaboni nikiwa na malengo kama yako, nikaziweka kabatini kama nguo ya harusi, nikazitoa kwenye mbio ndefu ya kilomita 28. Kilomita 15 za kwanza nilikuwa najiona malaika. Kuanzia 20 nikaanza kuchoka, na mtu akichoka hainui mguu vizuri, anakanyaga kisigino, mguu unalala upande. Hapo ile sponji nene laini ndo inakuwa kama umesimama juu ya godoro, kila kona kifundo kinataka kwenda zake. Zile raba kwenye kisigino na katikati upana wake ni mdogo kuliko za mazoezi, ukiziangalia kwa nyuma utaona. Nilirudi nyumbani vigimbi vimekaza kama kamba iliyolowa, siku nne nashuka ngazi kinyumenyume.

Sisemi ni mbaya, rafiki yangu anakimbia nazo masaa manne na nusu na hana shida yoyote, ana kifundo kigumu huyo dada. Nasema mwili unataka kuzizoea. 2023 kuna madaktari waliandika kuhusu wakimbiaji watano waliopata ufa kwenye kimfupa cha juu ya unyayo wakiwa wanatumia viatu vya pleti. Watu watano hawathibitishi kitu, ila mimi ilinitosha nisiwe nazivaa kila siku.

Mkuu kuna za katikati, zina ile sponji ya kisasa lakini hazina pleti na chini ni pana. Anza na hizo. Na angalia tofauti ya unene wa soli kati ya kisigino na mbele, kama zako za sasa ni milimita 10 usiruke ghafla kwenda 4, mzigo wote unahamia kwenye kano ya kisigino na kigimbi, na wiki 9 ni chache kwa hilo.

---

mzee_wa_kilomita amejibu:

@pekupeku kijana umeacha nusu ya hadithi. Bikila huyo huyo Tokyo 1964 alivaa viatu na akakimbia 2:12:11, dakika tatu chini ya ile ya Roma, tena alikuwa ametoka kupasuliwa kidole tumbo wiki chache nyuma. Na hiyo Roma inasimuliwa alivua kwa sababu viatu alivyopata vilimbana, kwa hiyo hata yeye shida ilikuwa ile ile ya huyu bwana kucha.

Mimi nimemaliza marathon 11 na sijawahi kuwa na spidi, kwa hiyo naongea kwa wenzangu wa nyuma. Kiatu cha mashindano ukinunua usikiweke hadi siku ya mbio. Kivae walau mbio mbili ndefu, moja iwe na kilomita kadhaa za kasi ile ile utakayokimbilia, na soksi zile zile. Kilomita 50 hivi jumla zinatosha kujua kama kuna mshono unakwaruza. Malengelenge hayatokei kilomita ya 5, yanakungoja 24 huko ukiwa huna pa kwenda.

Pia vuta soli ya ndani uone kama imekaa sawa. Watu wanadhani nachekesha. Berlin 2015 Kipchoge alikimbia sehemu kubwa ya mbio soli za ndani za miguu yote miwili zimechomoka, zinapigapiga kwenye vifundo kama masikio ya mbuzi. Alishinda kwa 2:04:00, mguu ukiwa na malengelenge na kidole kimechanika. Yule ni Kipchoge. Wewe ukifikia hapo utakaa chini pembeni ya barabara.

Mwisho kamba. Kuna tundu la juu kabisa ambalo watu wengi hawalitumii, pitisha kamba hapo upande huo huo itengeneze kitanzi kidogo, kisha ingiza kamba ya upande wa pili ndani ya kitanzi ndo ufunge. Kisigino kinatulia, mguu hauteremki mbele ukiwa kwenye mteremko. Na usikaze sana juu ya unyayo, ukianza kusikia ganzi umekaza.

---

kucha_nyeusi ameandika:

Daah asanteni sana wakuu. Nimepima jana jioni, mke wangu ndo kachora huku ananicheka. Mguu wa kulia sentimita 26.8, wa kushoto 26.2. Nikaenda kuangalia ulimi wa raba zangu, zimeandikwa 42, CM 26.5. Yaani mguu wa kulia miaka yote hii naulazimisha ndani ya kiatu ambacho hata kwenye karatasi ni kidogo kuliko wenyewe!! Na nilikuwa nasema ni kawaida ya wakimbiaji.

Halafu nimembana yule jamaa wa dakika 9. Kumbe ile mbio yake ya kwanza ilikuwa ya milima mwanzo mwisho na ya pili njia tambarare kama sahani. Hakuongeza zoezi kweli, alibadilisha njia tu.

Leo nimejaribu dukani 43 na nusu na 44 za hizo za katikati. 44 kidole kiko huru kabisa ila kisigino cha kushoto kinapwaya kidogo. Hapo nafanyaje? Za kaboni nilizivaa pia nisiwe muongo, zinarusha kweli, ila nilipotembea nikageuka nikaona kabisa kifundo kinacheza.

---

soli_imelika amejibu:

Chukua 44 mkuu, halafu kitanzi cha mzee hapo juu kifunge mguu wa kushoto tu kwanza, ukiona bado kinapwaya vaa soksi nene kidogo upande huo. Kisigino kinachopwaya kidogo kina dawa, kidole kinachogonga hakina. Ila muulize muuzaji kama unaruhusiwa kukirudisha, kimbia nacho ndani kwanza kwenye mashine au hata kwenye korido, dukani kila kiatu kinapendeza.

Na zile za kilomita 700 usizipeleke kwenye mbio ndefu tena, nyingi zinakuwa zimechoka kati ya 500 na 800, yako imeshaonyesha sponji.

---

lami_na_jasho amejibu:

Nakubali yaishe, @mama_vigimbi kanishinda kwa hoja. Ila ukimaliza hiyo ya kwanza uje tuongee kaboni tena kwa ajili ya ya pili 😅

---

kucha_nyeusi ameandika:

Poa nimechukua 44, narudi nazo nyumbani. Swali la mwisho, hii kucha niing'oe au? Imeanza kulegea upande mmoja.

---

mama_vigimbi amejibu:

Usiing'oe!! Kama haiumi na haitoi usaha iache, chini yake inaota nyingine. Kata tu ile pembe inayokwama kwenye soksi, na siku za mbio ndefu ifunge na plasta. Ikianza kuuma na kuwa nyekundu pembeni nenda kwa daktari. Yangu niliikuta ndani ya soksi wakati nafua.