WATUNZI NA MAADMINI WA SIMULIZI ZA MAPENZI: MWISHO TULIOLIPIA UKO WAPI?

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa hasira, na sitaupaka asali. Unawahusu watunzi wa simulizi za mapenzi na upelelezi wanaodondosha sehemu kwenye makundi ya WhatsApp, Telegram na kurasa za Facebook, pamoja na maadmini wanaowauzia. Anayeona hizi ni hadithi za kupotezea muda tu aupite. Kuna watu wamezisoma tangu enzi za vitabu vya mfukoni na kurasa za kati za magazeti, wanazijua ndani nje, na wamechoka kudharauliwa na hao hao wanaowalipa.

Shida yetu ni moja: mwisho. Simulizi ya mapenzi inatoa ahadi tangu sehemu ya kwanza, kwamba hawa wawili watapatana, au kama hawatapatana tutaelewa kwa nini. Ya upelelezi inaahidi kwamba muuaji atajulikana, na kwamba alikuwa mbele ya macho yetu muda wote. Ahadi hiyo ndiyo bidhaa yenyewe. Na ndiyo mnayoichelewesha kwa makusudi, mnaiuza kando, mnaipoteza, au mnaiandika kwa dakika kumi mkiwa mmeshaichoka hadithi.

Tupige hesabu. Chukua simulizi ya sehemu 60 inayouzwa sehemu 10 kwa shilingi 1,000, kila sehemu maneno 600. Toa maneno 120 ya "ilipoishia". Toa 60 ya namba ya malipo, onyo la kukopi na salamu kwa wadau. Yamebaki 420. Msomaji ametoa shilingi 6,000 kwa maneno 36,000, hadithi aliyoisoma ina maneno 25,200. Yale 10,800 ni marudio na matangazo. Halafu sehemu ya 60 inaisha kwa mlango kugongwa, na chini yake yanaandikwa kwa herufi kubwa: TUKUTANE MSIMU WA PILI. Aliyelipia sehemu 60 aliambiwa ni hadithi ya sehemu 60. Kama kuna msimu wa pili, utangazwe siku ya kwanza, kabla hela haijatumwa.

Marudio yanayohitajika ni sentensi mbili. Mtu aliyesubiri siku tatu kwa arosto anakumbuka vizuri alipoachwa.

Na hapo pa kuachia! "Alipogeuka hakuamini macho yake. ITAENDELEA." Sehemu inayofuata tunakuta aliyesimama nyuma ni mdogo wake, kaja kuchukua chaja. Ukifanya hivyo mara tatu msomaji anajua hatari zako ni za bandia, na siku ya hatari ya kweli hatashtuka. Pa kukatia ni pale mhusika anapolazimika kuchagua na kila njia ina hasara, au pale tunapojua jambo linalobadilisha maana ya yaliyopita. Binti amegundua kuwa aliyemlipia ada ya chuo miaka mitatu ni baba wa mchumba wake: kata hapo. Msomaji atasubiri hata wiki, kwa sababu sasa anairudia hadithi nzima kichwani.

Chanzo cha haya yote kinajulikana: mtu anaanza kudondosha hajui anakokwenda. Ana wazo la sehemu tano, zinapata watu, anatangaza 60. Kufikia ya 25 hana kitu, ndipo zinaingia ajali za gari, mapacha waliopotezana na mama mkwe mchawi. Kazi ya kuzuia hili ni ya siku moja. Andika sehemu ya mwisho kwanza, hata kwa ufupi. Andika mistari mitatu kwa kila sehemu: nani anataka nini, nani anamzuia, nini kimebadilika ilipoisha. Usiweke ya kwanza hewani kabla hujawa na 15 zilizokamilika, maana malaria, msiba na umeme havimngojei mtunzi.

Fungueni pia daftari la wahusika. Jina, umri, kazi, anakotoka, ndugu zake, anaendesha gari gani, ana kovu wapi. Ukurasa mmoja kwa kila mtu. Bila hilo ndiyo tunapata stelingi, mhusika mkuu, anayeitwa Jastin sehemu ya 4 na Jackson sehemu ya 19, binti yatima ambaye sehemu ya 33 anampigia mama yake simu, mimba inayofikisha miezi kumi na moja. Mashabiki wanaandika kwenye maoni, mtunzi anawajibu "mnasoma ili kutafuta makosa". Hapana, tunasoma kwa makini. Makini hiyo ni heshima tunayokupa, iheshimu nawe.

Nije kwenye mambo ya nchi, maana hapa ndipo hasira inapozidi. Mume wa Mikocheni, Dar es Salaam, anatupa karatasi mezani, mke anasaini, wameachana. Kwa sheria ipi? Kwa ndoa iliyofungwa bomani, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka mgogoro upelekwe kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa ndipo mahakama iombwe talaka. Ndoa isiyofikisha miaka 2 haiombewi talaka bila mahakama kutoa ruhusa. Huoni kwamba hiyo ni hadithi? Watu wawili waliochukiana wanakaa benchi moja mbele ya wazee wa baraza, wanaulizwa maswali wasiyowahi kuulizana ndani. Vilevile zile siku 21 za taarifa kabla ya ndoa: mtu yeyote anayejua kizuizi anaweza kuleta pingamizi ndani yake. Umepewa bomu lenye saa, umeliacha, umekwenda kuazima tamthilia ya Kikorea.

Kipimo cha DNA nacho. Daktari wa zamu anachukua damu, nusu saa baadaye anarudi na bahasha. Tanzania vipimo hivi viko chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009, na maabara inayojulikana ni ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa suala la nani baba wa mtoto, maombi hupitia kwenye mamlaka kama mahakama au ofisi ya ustawi wa jamii. Kwa hiyo mwanamume anayetaka kujua kwa siri inabidi amweleze mtu siri yake. Hapo pana sura nzima ya aibu na mashaka, nyinyi mnaimaliza kwa bahasha.

Ile ya mtu kulala hospitalini bila fahamu miaka mitatu, kisha anaamka, anavaa viatu na kukimbilia kanisani kuzuia harusi, ife kabisa. Misuli isiyotumika husinyaa, kukaa tu kitako kunahitaji mazoezi ya viungo ya muda mrefu. Na binti anayetoka Songea mwaka 2024 akashukia Ubungo stendi, stendi ipi? Mabasi ya mikoani yalihamia kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, mwaka 2021. Msomaji wa Songea anajua anaposhuka.

Makosa kama hayo mara nyingi yanaonyesha kitu kibaya zaidi: hadithi si yako. Wizi una alama zake, na wanaoujua wanauona kwa sentensi tatu. Mwizi hubadili majina kwa amri ya tafuta-na-badilisha. Akitaka Ali awe Ken bila kuweka sharti la neno zima, kila "alikuwa" inageuka "Kenkuwa", "alisema" inakuwa "Kensema". Anasahihisha anazoziona, anaacha mbili tatu, na hizo ndizo zinazomuumbua. Hadithi ya Nairobi iliyohamishiwa Sinza, Dar es Salaam, hubaki na "matatu", yaani daladala za Kenya, na gari la stelingi lina namba inayoanza na K, wakati zetu za watu binafsi zinaanza na T. Iliyotafsiriwa kwa mashine kutoka kwenye programu za kigeni za hadithi za mabilionea ina dalili nyingine: "yeye" zimejaa kila mahali. "Yeye alimtazama yeye na yeye akatabasamu." Kiswahili kinabeba mtendaji na mtendewa ndani ya kitenzi, "alimtazama" imeshamaliza kazi. Ukikuta "yeye" tano kwenye aya moja, pamoja na hundi za mama mkwe na mkataba wa ndoa wa mwaka mmoja, hiyo kazi ina mwenyewe mahali.

Na mwizi ndiye anayetuua kwenye suala la mwisho, maana ana sehemu alizozikuta wazi tu. Mwenye kazi alitoa 20 za bure, mwizi anauza 20 hizo, anaahidi 40 ambazo hajawahi kuzisoma. Ikifika ya 21 kundi linafungwa, namba haipatikani, na lawama inamwangukia mtunzi halisi ambaye hana habari.

Jambo hili nalisema bila kuzunguka. Stelingi anambaka binti sehemu ya 3, sehemu ya 50 wanavishana pete na kwenye maoni mioyo inamwagika. Huo si mwisho wa simulizi ya mapenzi. Na mhusika wa kidato cha pili asiandikwe kama mpenzi wa mtu mzima, kamwe. Makundi haya yana watoto wanaotumia simu za mama zao. Maneno "kwa wenye miaka 18 na zaidi" yawe mstari wa kwanza wa kila sehemu inayohusika, na admini aulize umri kabla ya kumwingiza mtu.

PDF za "full simulizi" nazo ni kero tupu. Mnapiga picha kurasa 150, kila moja kilobaiti 300, faili linakuwa megabaiti 45. Maneno 40,000 yaliyochapwa kama maandishi hayafiki megabaiti 1. Bando la msomaji linaisha kwa uvivu wako. Ukurasa wa A4 wenye herufi za ukubwa wa 12 hausomeki kwenye simu bila kuuvuta kushoto na kulia. Weka A5, herufi 14, nafasi kidogo kati ya mistari, aya fupi. Ukiweza toa na EPUB, aina ya faili la vitabu vya simu, ili mwenye macho dhaifu aongeze herufi mwenyewe. Mazungumzo yafungwe kwa alama za kunukuu na kila msemaji aanze aya yake. Watu wanne wanagombana sebuleni ndani ya aya moja isiyo na alama, nani kamtukana nani? Kabla ya kuuza, fungua ukurasa wa mwisho. Kuna mafaili yanauzwa yameishia katikati ya neno.

Kwa wanunuzi, kabla hujatuma hela uliza mambo haya na usikubali kujibiwa "usijali mpendwa": imeshaisha kuandikwa au bado? Sehemu ngapi, kila moja maneno mangapi? Bei ya yote kwa pamoja ni ipi? Omba picha ya sehemu ya mwisho, aya moja tu, afiche majina. Chukua sentensi isiyo ya kawaida kutoka sehemu ya pili, itafute mtandaoni ikiwa ndani ya alama za kunukuu. Kama ni ya wizi, mara nyingi ya asili itajitokeza na jina la mwenyewe. Kama hadithi bado inaandikwa, lipia sehemu 10 za kwanza tu, hata ukiahidiwa punguzo.

Na sisi wasomaji tunaosambaza kazi za kulipia kwenye makundi ya ukoo tunachangia. Mtunzi anayeona sehemu ya 30 imezagaa bure saa moja baada ya kuidondosha hana sababu ya kuimaliza ya 60.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu ya ukurasa wa kwanza:

Kuna mdau anasema zamani pia hadithi zilikuwa za kuungaunga. Si kweli kwa zilizodumu. Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, alitoka kwenye kazi iliyoshinda shindano la uandishi la 1957/58, ikawa kitabu 1960, na hadi leo ukimaliza unaweza kurudi nyuma ukaonyesha kwa kidole pale ushahidi ulipowekwa.

Aliyeuliza kama anaweza kupiga picha vitabu hivyo vya zamani akauza "kwa kuwa watunzi wameshafariki": huwezi. Kwa Tanzania hakimiliki inaendelea miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Abdulla alifariki 1991, kwa hiyo ni hadi mwisho wa 2041, na kabla ya hapo unazungumza na warithi au mchapishaji.

Watunzi mliojitokeza kulalamika kuibiwa: sajilini kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ikiwa kamili, kabla ya sehemu ya kwanza kwenda hewani, na tunzeni rasimu zenye tarehe.

Kuanzia hapa, kila mdau aandike alichosoma mwaka huu kwa mpangilio huu tu: jina la simulizi, mtunzi, idadi ya sehemu zilizoahidiwa, idadi zilizotoka, bei, IMEISHA au HAIJAISHA. Msiweke namba za simu za watu wala majina ya maadmini. Wanaomaliza kazi zao tutawanunua, na orodha itakaa hapa ukurasa wa kwanza kila mtu aione.