Mrejesho: Rafiki yangu anayemuuguza mama yake

Wapendwa, mwezi uliopita niliuliza nimsaidieje rafiki yangu anayemuuguza mama yake, aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi. Kila nikimwambia "ukihitaji chochote niambie", jibu lilikuwa "niko sawa tu". Wengi mlinishauri niache kuuliza, nijitokeze na jambo mahususi. Asanteni sana.

Nilimwandikia: "Jumamosi saa nane mchana nakuja kukaa na mama, wewe toka." Akakataa mara mbili. Ya tatu akakubali, ila kwanza alinifundisha kumgeuza mama kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda vya kulala, na kumkalisha wima kabla ya kumpa maji, maana hupaliwa upesi. Mimi niliyedhani kazi ni kukaa tu!

Nikajua atakwenda kutembea. Wapi! Aliingia chumba cha pili akalala saa tatu mfululizo, viatu miguuni.

Alipoamka hatukugusa habari za ugonjwa. Tulipiga umbea wa zamani, tukacheka mpaka mama naye akatabasamu. Ndipo akaniambia kila mtu humuuliza "mama anaendeleaje?", yeye haulizwi. Nilinyamaza, kwa kuwa nami nilikuwa mmoja wao.

Sasa ni kila Jumamosi. Ndugu zake bado wanatuma salamu tu. Hilo sijalipatia dawa. Juzi nilichelewa kidogo, akanipigia mwenyewe: "Uko wapi wewe? Nimeshajiandaa kutoka."