Mwaka wa mwisho wa udaktari uwe wa mtihani au wa kazi?

Naanza mimi. Msimamo wangu: mitihani mikubwa ya nadharia imalizwe mapema, na mwaka wa mwisho mwanafunzi aumalizie wodini akifanya kazi zilezile za mtarajali (daktari aliyehitimu karibuni, anayefanya mazoezi kazini), akiwa na msimamizi. Kwingi mambo ni kinyume. Miezi ya mwisho ni ya kukesha na madesa, halafu mtu anakabidhiwa zamu ya usiku.

Usiku wenyewe huwa hivi. Muuguzi anapiga simu: mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji mchana, presha 84/50, mapigo 126. Mtarajali anazijua sababu zote za presha kushuka, ukimuuliza atakutajia kwa mpangilio. Asichokijua ni aandike dripu kiasi gani na iishe kwa muda gani, fomu ya damu anajaza nani, sampuli iende kwenye chupa ya rangi gani, na kama amwamshe daktari bingwa sasa hivi au asubiri majibu ya maabara. Akisubiri majibu, huenda amechelewa.

New Zealand mwaka wa sita wa masomo ndio huo ninaousema: mwanafunzi yuko ndani ya timu, ana wagonjwa wake, na analipwa posho. Uingereza tangu 2012 mhitimu hulipwa kukaa siku zisizopungua 4 na daktari anayemwachia wodi, kabla ya kuanza kazi Agosti. Utafiti uliochapishwa 2009 kwa hospitali za England ulionyesha kwamba waliolazwa kwa dharura Jumatano ya kwanza ya Agosti, siku ambayo madaktari wapya huanza kazi, walikuwa na uwezekano wa kufa uliozidi kwa asilimia 6 ule wa waliolazwa Jumatano ya mwisho ya Julai. Hauthibitishi kwamba madaktari wapya ndio walioua. Lakini siku 4 naona ni chache mno.

Mwanafunzi, mwaka wa tano:
Posho umeipitia haraka sana, mkuu. Pasipo na posho tutageuzwa vibarua: kukimbiza sampuli, kusukuma machela, kutafuta mafaili. Hiyo tunaifanya tayari na hakuna tunachojifunza.

Ndugu wa mgonjwa:
Na sisi je? Mama yangu hakulazwa ili mtu ajifunzie kwake. Nunueni midoli ya mafunzo.

Muuguzi wa wodi:
Midoli inasaidia kujifunza kuweka kanula (kijibomba cha dripu mshipani) na kushtua moyo, sikatai. Ila mdoli hana ndugu watano wanaouliza maswali kwa pamoja. Mimi ningeanza na simu. Watarajali wengi wanampigia bingwa na kuanza kusimulia historia ya ugonjwa tangu mwaka juzi, mkubwa anakata kabla hajasikia presha. Upo mpangilio unaoitwa SBAR, ulianzia kwenye nyambizi za jeshi la Marekani: hali ilivyo sasa, mgonjwa alikotokea, unadhani ni nini, unataka nini. Unafundishika mchana mmoja. Na mabingwa nao wafundishwe kutofoka, maana aliyefokewa leo, kesho hapigi.

Mwanzisha mjadala:
Dada muuguzi, hapo kwenye kufoka umenigusa, na sina jibu la mtaala kwa hilo. Mwanafunzi, nakubali: bila posho na bila orodha ya kazi anazopaswa kuzimudu, ni utumwa tu. Kusukuma machela kusiwemo.

Ndugu wa mgonjwa, hofu yako ina haki, na mgonjwa lazima aambiwe na aweze kukataa. Lakini angalia: huyo unayemkataa Juni akiwa na msimamizi pembeni, Julai anakuja kwa mama yako akiwa peke yake, na sahihi yake inatosha dawa kutolewa. Ninachotaka ni dozi za kwanza anazoandika ziwe zimepitiwa na mtu mwingine kabla hazijafika kwa muuguzi.

Wasimamizi wa wodi bado hamjasema. Kila mmoja wenu anaweza kubeba wanafunzi wangapi usiku bila wagonjwa kusahaulika?