Naomba ushauri: nikisawazisha oksijeni, mlinganyo wangu unaharibika

Mshonaji wa Makorora

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu habari za jioni. Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea hapa Tanga. Mchana ninashona nguo na usiku ninasoma kemia peke yangu, kwa kuwa niliacha shule nikiwa kidato cha pili na nimedhamiria kufanya mtihani wa kidato cha nne. Jana nilikaa saa mbili nzima na mlinganyo wa kuungua kwa butani, gesi ambayo imo katika mitungi yetu ya kupikia:

C₄H₁₀ + O₂ → CO₂ + H₂O

Niliweka 4 mbele ya CO₂ na 5 mbele ya H₂O. Kaboni na haidrojeni zikakaa sawa, lakini oksijeni za kulia zikawa 13, ilhali kushoto zinakuja mbili mbili. Nikaigeuza H₂O kuwa H₂O₂, oksijeni zikafika 18, nikaweka 9 mbele ya O₂ na hesabu ikakubali kila upande. Hata hivyo, jibu la kitabu lina 13 na 10. Nimekosea wapi?

Mwalimu mstaafu, Chumbageni

Marahaba, binti yangu. Kuhesabu umehesabu vizuri, na kosa lako ni moja tu, ila ni kubwa. Namba ndogo ya chini ndiyo inayotueleza kitu chenyewe ni nini. H₂O ni maji. H₂O₂ ni haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda, ambayo haitoki kwenye moto wa jiko. Ulipoongeza 2 ile ndogo hukusawazisha mmenyuko wako, bali uliandika mmenyuko mwingine usiokuwapo. Namba unayoruhusiwa kuigusa ni ya mbele peke yake.

Rudi pale ulipokwama. Oksijeni 13 zinahitaji molekuli sita na nusu za O₂. Iandike nusu hiyo bila hofu, kisha zidisha mlinganyo wote kwa 2:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Hesabu sasa: kulia 16 na 10 ni 26, na kushoto 13 mara 2 ni 26. Oksijeni iache iwe ya mwisho siku zote katika milinganyo ya kuungua, kwa sababu kushoto imesimama peke yake, na ukiibadilisha huvurugi elementi nyingine.

Fundi Chokaa

Dada, mimi nilielewa jambo hili kwenye tanuri. Mawe ya chokaa, kama yale ya mapango ya Amboni, au matumbawe waliyochoma wazee wetu kujengea nyumba za pwani, kwa sehemu kubwa ni CaCO₃, yaani kalisi kabonati. Kilo 100 za CaCO₃ safi zikiiva zote, hubaki kilo 56 za CaO, yaani chokaa yenyewe. Mtu atadhani kilo 44 zimepotea, kumbe zimeondoka angani zikiwa CO₂. Ndiyo maana kila atomi ya kushoto lazima uioneshe kulia.

Msomi wa Ngamiani

Njia nyingine ni kuweka herufi a, b, c na d mahali pa namba za mbele, kisha kutatua kama aljebra. Haikwami kirahisi, ingawa kwa milinganyo mifupi inakula muda wa mtihani.

Mshonaji wa Makorora

Ahsanteni sana, nimeelewa, na moyo umetulia. Nimejaribu shabu ya kusafishia maji ikikutana na chokaa iliyozimuliwa:

2Al₂(SO₄)₃ + 6Ca(OH)₂ → 4Al(OH)₃ + 6CaSO₄

Nilipohesabu oksijeni moja moja nilipotea, nikaamua kuhesabu SO₄ kama kitu kimoja na OH kama kitu kimoja.

Mwalimu mstaafu, Chumbageni

Umefanya vyema sana kuzihesabu radikali (vikundi vya atomi kama SO₄ na OH) nzima nzima, maana zimetoka kushoto zikafika kulia bila kuvunjika. Limebaki jambo dogo: namba zako zote nne zinagawanyika kwa 2, na mtahini anataka zilizo ndogo kabisa, yaani 1, 3, 2 na 3. Kesho jaribu kuungua kwa ethanoli, C₂H₅OH, na ukifika kwenye oksijeni kumbuka kwamba ethanoli yenyewe inaingia na moja yake.