Ushauri: Kijana wangu alikuwa anaunda malori ya waya, tangu afike darasa la nne hagusi kitu. Ni shule au ndo kukua?

Mchoma_Viazi (mleta mada)

Wakuu salaam kutoka Uyole, huku baridi imekaza mpaka mbwa analala jikoni.

Nina kijana wangu ana miaka 10, yuko darasa la nne shule moja ya ingilishi midiamu hapa hapa Mbeya. Huyu mtoto toka ana miaka mitano alikuwa na ugonjwa wa malori. Tunakaa jirani na barabara kuu ya kwenda Tunduma, kutwa semi zinapita, yeye anasimama anaangalia afu anarudi nyuma ya nyumba anaunda. Waya anaokota kwa mafundi, bodi anakata dumu la mafuta ya kula, tairi anachonga kwenye ndala (nimepoteza ndala za bafuni jozi nne, ya tano nikaanza kuficha).

Akiwa darasa la pili siku moja akaniita nje akaniambia baba hili halifeli breki. Alikuwa ametoboa bodi akapitisha kamba, ukiivuta kuna kipande cha ndala kinaenda kubana tairi za nyuma. Kuna kichuguu nyuma ya choo, yeye anakiita Mlima Nyoka, basi akapakia mawe akaliachia lori lishuke, katikati akavuta kamba likasimama. Hakuna mtu alimfundisha. Mimi mtu mzima nilichuchumaa pale nikawa navuta kamba nikiachia mpaka mama yake akaja kuuliza kuna nini.

Sasa hivi anaondoka na basi la shule saa 11 na nusu alfajiri, anarudi saa 12 jioni, homuweki, kula, kulala, Jumamosi rimidio. Maksi anapata, muhula uliopita wa 3 kati ya 41, sina cha kulalamika. Ila mwezi uliopita mdogo wake alimwomba amtengenezee gari, akakataa, nikaingilia nikamwambia mtengenezee bwana, wewe si ndo fundi wetu. Akaniangalia akaniuliza "Baba, hiyo inatoka kwenye mtihani?" Na hakusema kwa jeuri wakuu, aliuliza kwa nia njema kabisa, kama anauliza bei ya daftari.

Shule imeleta barua, darasa la nne wote waingie kambi, walale huko huko mpaka upimaji wa taifa. Mama yake anasema aende, tumeshatumia hela nyingi kurudi nyuma haiwezekani. Mimi moyo unasita. Nimpeleke au nikatae? Na je ni shule inamfanya hivi au mtoto akikua ndo anaacha tu? Maana hata mimi nilikuwa nachonga vinyago vya miti, nikijaribu kukumbuka niliacha lini sikumbuki.

Natia_Nanga

Ngoja wenye uzoefu waje.

Kabwe_Stend

Mkuu hizo ndala ulizopoteza ndo ilikuwa ada ya chuo kikuu hujajua tu 😂

Akili_Kubwa

Hili lishathibitishwa, NASA walipima watoto wa miaka mitano wakakuta asilimia 98 ni magenius wa ubunifu, wakifika 10 wanabaki asilimia 30, watu wazima asilimia 2. Shule ndo inaua. Mtoe haraka.

Msoma_Vyote

@Akili_Kubwa hiyo inazunguka kwenye magrupu kila mwaka. Ni ya bwana mmoja anaitwa George Land, alikuwa ametengeneza kipimo kwa ajili ya NASA afu akakitumia kwa watoto 1,600 hivi, na habari zake zimekuja kwenye kitabu cha 1992 na kwenye hotuba, si utafiti wa jarida ambao unaweza kuufungua ukaona walipima nini na walisahihisha vipi. Tena ile asilimia 2 si watoto wale wale waliokua, ni watu wazima wengine kabisa. Mtu asitoe mtoto shule kwa namba ya WhatsApp.

Mleta mada, kuna kitu kinakuhusu zaidi. Mwanasaikolojia wa Marekani E. Paul Torrance, vipimo vyake vya ubunifu vilitoka 1966, alikuta watoto wengi wanaporomoka wakifika darasa la nne. Darasa la nne mkuu, huyo wako yuko hapo hapo. Waliorudia kupima sehemu nyingine kuna waliokuta hivyo na kuna ambao hawakukuta, kwa hiyo si kama meno ya utoto kwamba lazima yang'oke. Na mwaka 2011 profesa mmoja, Kyung Hee Kim, akakusanya alama za vipimo hivyo hivyo za watu zaidi ya 270,000, akakuta huko Marekani alama za ubunifu zilikuwa zinapanda afu kuanzia 1990 zikaanza kushuka, na walioshuka zaidi ni watoto wadogo. Mimi hapo ndo nilishtuka. Ingekuwa ni kukua tu, watoto wa mwaka huu wangekuwa sawa na wa miaka 30 nyuma, si wote wanakua? Kuna kitu kwenye maisha yao kimebadilika. Na shule huenda ni sehemu tu.

Mama_Wanne

Samahani nitaongea vibaya kidogo. Nyie wanaume mnapenda sana kusifia waya na makopo. Mimi kwetu Rungwe ndanindani huko nilikuwa natengeneza mtoto wa gunzi, nywele ni zile nyuzi za hindi bichi, namsuka mistari, namshonea gauni la kitambaa cha mfuko wa ngano. Nilikuwa na familia nzima chini ya mgomba, bibi, shangazi mgomvi, mpaka mjumbe wa nyumba kumi. Unajua niliacha lini? Nina miaka 9, mama alipojifungua mdogo wangu. Nikapewa mgongoni. Maji mimi, kuni mimi, mtoto mimi. Shule ilikuwa ndo sehemu pekee ya kukaa chini. Kwa hiyo mnaposema shule inaua ubunifu mimi nacheka tu, wengine tuliuliwa na ndoo.

Na kaka zangu waliendelea na magari yao ya waya mpaka darasa la sita. Jiulizeni kwa nini.

Mchoma_Viazi

Dada yangu hapo umenipiga kofi. Binti yangu ndo anaosha vyombo wakati kaka yake yuko rimidio, sikuwahi kuliangalia hivyo.

Chaki_Mkononi

Mimi ni mwalimu wa msingi, niko upande wa Mafinga, mwaka wa 14 huu. Naomba nisitupiwe mawe.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo, kwenye ratiba lipo na mimi nalipenda. Ila ukikaribia upimaji naulizwa wastani wa Hisabati, hakuna mtu ameshawahi kuniuliza watoto wako wamefinyanga nini. Kwa hiyo kipindi kinaliwa. Nakula mwenyewe, sisemi uongo. Afu mzazi naye akija hafungui daftari la michoro, anatafuta vema.

Nikupe mfano. Mwaka jana niliwaambia watoto wachore nyumba. Watoto 60 wakachora nyumba ile ile, paa pembe tatu, mlango katikati, madirisha mawili, bomba la moshi juu. Hapa Mafinga nani ana bomba la moshi kwenye nyumba? Wameiona kwenye kitabu wakajua ndo nyumba yenye vema. Mmoja tu alichora nyumba yao ina tofali zimepangwa nje hazijajengewa na baba yake amekaa juu yake. Darasa zima likamcheka, na mimi kabla sijaongea nilishaona anafuta.

Kwa hiyo mtoto wako hajapoteza kitu, amejifunza. Ameshajua kipi kinalipwa. Na kuna umri pia, kwenye 9, 10 hivi mtoto anaanza kujiona kwa macho ya wenzake, anataka lori lake lifanane na Scania kweli, lisipofanana anaona aibu anaacha. Hiyo hata asingesoma ingemkuta. Ukiunganisha aibu na ratiba ya saa 11 alfajiri unapata jibu lako.

Kambi kwa darasa la nne, mimi mwalimu nakwambia kataa.

Nondo_Mwanjelwa

Wakuu mimi ni mchomeleaji, niliishia la saba. Ubunifu ninao, sijisifii. Nilibuni tela la pawatila kwa jamaa mmoja wa Mbarali anabeba mpunga, zuri kila mtu akaja kulipiga picha. Safari ya tatu ekseli ikakatika na gunia zote zikaingia mfereji. Dogo wa chuo akaja akachukua kalamu akanipigia hesabu ya mzigo dakika tano, akanionyesha pale pale ilipokatika kwamba ndo ilikuwa lazima ikatike. Nililipa ile hasara miezi saba.

Msimtoe mtoto shule. Mwacheni asome ila Jumamosi nileteeni hapa gereji, nitampa miwani ya kuchomelea na fagio, fagio kwanza.

Mlandege_Kwetu

Watu wa Iringa tuna jibu la huu uzi toka zamani na hatulitangazi. Erasto Mpemba. Mwaka 1963 yuko sekondari Magamba kule Tanga, wanatengeneza aiskrimu, wenzake wanachemsha maziwa wanasubiri yapoe ndo waweke kwenye friza, yeye akaona nafasi zinaisha akaweka ya moto hivyo hivyo. Ya kwake ikaganda kabla. Akamuuliza mwalimu, akajibiwa umechanganya mambo. Akaja Mkwawa hapa Iringa, akauliza tena, mwalimu wa fizikia akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Ikawa utani wa darasa, mtu akikosea chochote wanamwambia hiyo hesabu ya Mpemba.

Akaja mgeni kutoka chuo kikuu Dar, Dk. Denis Osborne, kuwahutubia. Mpemba akanyoosha mkono akauliza lile lile. Wenzake wakacheka! Lakini yule mzee akarudi Dar akaenda kujaribu kwanza. Mwaka 1969 wakachapisha wote wawili kwenye jarida la fizikia, na mpaka leo dunia inaita Mpemba effect na wanasayansi bado wanabishana.

Sasa angalia, shule ilimcheka miaka, na friza iliyomwonyesha kitu ilikuwa ya shule hiyo hiyo. Mimi mpaka leo sijui niiweke upande gani hii hadithi. Ninachojua huyu jamaa aliuliza mara ya tatu baada ya kuchekwa mara mbili, mimi ningenyamaza ya kwanza.

Kabwe_Stend

@Mlandege_Kwetu kwa hiyo amuwekee mtoto friza?

Mama_Wanne

Amuwekee muda. Na huyo binti pia, vyombo wagawane.

Mchoma_Viazi

Mrejesho wakuu, zimepita wiki tatu samahani nilikuwa shamba.

Nilienda shule nikaongea na mwalimu mkuu, hatukuelewana haraka, mwisho nikasaini karatasi kwamba akifeli ni juu yangu. Kambi haendi. Mama yake alininunia siku nne, tumeelewana kwa sharti kwamba maksi zikishuka chini ya 10 bora anarudi kambi bila mjadala. Vyombo sasa ni zamu, kijana ndo analalamika kuliko wote.

Nondo_Mwanjelwa nilimleta Jumamosi, umemfagiza kweli wewe mtu.

Kwenye kuunda, nilichofanya nimeweka boksi pale karibu na jiko, waya, vizibo, dumu lililokatwa, plaizi yangu, sikusema neno. Wiki nzima hakuligusa. Nikasema basi tena. Siku ya tisa natafuta plaizi siioni, nikaikuta chini ya kitanda chake pamoja na kitu cha waya, si lori, kina kama miguu sita na mdogo wake wa kike amekifunga nyuzi za hindi. Nikamuuliza hiki ni nini. Akasema "Bado."

Asubuhi hii naenda kuoga, ndala imebaki moja.